Nilishindwa barazani, na bado nawapa nyota nne

Nianze na matokeo, asiyependa hadithi ndefu aondoke mapema: nilishindwa. Kadi yangu ya bluu, kibali cha kufanya kazi na watoto, ilifutwa Oktoba 2021. Nikaomba uamuzi uangaliwe upya na baraza la mashauri la jimbo la Queensland, Australia, lile ambalo kila mtu huku analiita QCAT, na Novemba 2022 baraza likasema kufutwa kubaki palepale. Nyota nne kati ya tano. Yule mshauri wa makaratasi niliyemlipa dola 900 nampa sifuri, na kama ngazi ingeendelea kushuka chini ya sifuri ningeshuka nayo.

Naandika kwa sababu akina mama wa Logan na Moorooka wananipigia simu usiku kuniuliza, na juzi kapiga mmoja wa Toowoomba ambaye hata simjui. Basi soma hapa, uniache nilale.

Kwa wageni wa jambo hili: kadi ya bluu ndiyo kibali cha jimbo letu cha kufanya kazi na watoto. Ilianza 2001, inadumu miaka 3. Bila hiyo huajiriwi chekechea, hulei watoto wa watu nyumbani kwa malipo, hufundishi shule ya Jumapili kanisani hata kama ni bure. Tangu 31 Agosti 2020 mfanyakazi wa kulipwa haanzi hata siku moja kabla kadi haijatoka. Tena ukishaipata usidhani wamekusahau, jina lako linapitishwa kwenye kumbukumbu za polisi kila siku. Mimi nilidhani wanaangalia siku ya kuomba tu.

Sasa kosa langu. Sitalipamba, kwa sababu kulipamba ndiko kulikoniponza.

Nilikuwa msaidizi wa chekechea, mwaka wa nne. Machi 2021 kijana wangu wa pili, miaka 12, alichukua kadi yangu ya benki akanunulia vitu vya mchezo wa simu, dola 340. Ilikuwa hela ya kodi ya nyumba. Nilichomoa waya wa chaji ukutani nikamchapa nao mguuni, nyuma juu ya goti. Jumatatu walikuwa na somo la kuogelea, mwalimu akaona alama. Jioni polisi wakabisha hodi, wawili, mmoja akavua kofia mlangoni kama anaingia msibani.

Wakamweka mkalimani kwenye simu. Nikaulizwa ilikuwaje. Nikasema hivi, nayakumbuka maneno yangu: "Nilipotoka kazini nikamrudi mtoto." Wewe unayesoma umenielewa. Kumrudi mtoto ni kumwadhibu ajirekebishe, ni Kiswahili cha wazazi wetu, ni neno tunalolisikia kanisani kila mara. Yule wa kwenye simu, sijui Kiswahili alijifunzia wapi, akawaambia nilirudi kwa mtoto. Polisi akauliza, ulirudi baada ya muda gani? Mimi nikadhani anauliza safari ya kutoka kazini. Nikajibu, kama nusu saa.

Basi karatasini ikakaa hivyo: mama alimpiga mtoto, akaondoka, na baada ya nusu saa akarudi. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha dukani na cha kuimbisha watoto. Nikatia sahihi.

Mahakamani nilikiri shambulio la kawaida. Hakimu akanitoza faini, akasema hatia isiandikwe. Jamaa wote wakanipongeza, pilau ikapikwa, dada yangu akasema Mungu mkubwa huna rekodi. Hapo tegea sikio, kwa sababu wengi tumeanguka shimo hilihili: kwa sheria ya kadi ya bluu, ukishakiri kosa mbele ya hakimu wewe umehesabiwa na hatia, iwe imeandikwa au haikuandikwa. Ile pilau tuliila bure.

Kabla ya kufuta, ofisi ya kadi haikukurupuka. Waliniandikia barua: tuna habari hizi, tupe maelezo yako. Hapa ndipo alipoingia mshauri. Si wakili, wala hakuwahi kusema ni wakili, nadhani ni mjanja wa kutosha kulikwepa hilo neno. Ni ndugu wa jamii yetu mwenye printa na suti. Dola 900, nusu taslimu siku ileile. Aliandika kurasa mbili. Ya kwanza ilisema kwetu ndivyo watoto wanavyolelewa, ikaweka na methali ya samaki mkunje angali mbichi, imegeuzwa Kiingereza neno kwa neno. Ya pili ilisema mimi ni mjane, watoto wanne, kodi ya nyumba, nitateseka. Katikati ya ukurasa huo wa pili ghafla nikawa dereva wa lori mwanamume. Alisahau kubadilisha ya mteja aliyetangulia. Haya yote niliyajua baadaye sana, binti yangu alipoisoma.

Kadi ikafutwa, ikaja notisi ya kukataliwa. Ukiwa nayo, kushika kazi ya watoto ni kosa la jinai. Una siku 28 tangu upewe kuomba QCAT. Mshauri akanila siku 24 kwa "niachie mimi, mama". Siku ya 25 nikaenda kituo cha msaada wa sheria, bure, nikamkuta dada mmoja wa Kizungu mwenye miwani imefungwa na plasta. Yeye akanijazia fomu nami nikiwa nimekaa, siku ya 26 ikaingia. Kuomba hakurudishi kadi, lakini. Unasubiri ukiwa huna. Mimi nilisubiri nikiwa nafua mashuka ya hoteli.

Nisemee kidogo kazi ya baraza lenyewe, maana hapa ndipo tunapoenda na matarajio ya kwetu. Mimi nilidhani ni rufaa: unaenda kuonyesha walikukosea, unashinda. Sivyo. Baraza linakaa kwenye kiti cha yule aliyeamua na kuamua upya kabisa, kwa yote yaliyopo hadi siku ile, ya zamani na mapya. Wakati wangu kigezo kwa kosa kama langu, lisilo kwenye orodha ya makosa mazito, kilikuwa kwamba mtu apewe kadi isipokuwa kesi yake ni ya pekee, kiasi kwamba kumpa hakutakuwa kwa faida ya watoto. Sheria imeshaguswa tangu hapo, kwa hiyo fuata barua yako wewe, usifuate yangu. Ila jambo moja ni kongwe: anayetangulia ni mtoto. Kodi ya nyumba yako haimo. Ujane wako haumo. Ule ukurasa wa pili wa mshauri, hata bila yule dereva wa lori, ulikuwa karatasi tupu.

Kitu cha kwanza nilichopenda: wanaopinga ombi lako wanalazimika kukuletea karatasi zote walizotumia. Ilikuja bahasha nene. Tulikaa mezani na binti yangu, yeye anasoma, mimi napika ugali kwa sikio moja. Akafika kwenye maelezo ya polisi, akanyamaza. Akasema, "Mama, ulimpiga mara mbili?" Nikamwambia mara moja. "Hapa imeandikwa ulirudi." Ugali uliungua siku hiyo.

Kitu cha pili, na hiki ndicho kigumu: hadithi ya maisha. Wanataka uandike maisha yako, uliyofanya, kilichokufikisha pale, unavyoliona leo, na ungefanya nini ukikasirika tena. Ya kwanza niliandika kurasa 11. Fizi kwetu Kongo, vita, kuvuka ziwa, miaka yangu kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, Tanzania, mume kufariki. Dada wa miwani aliisoma yote, taratibu, akafuta macho. Kisha akaniuliza, "Mtoto yuko wapi humu?" Nikamwonyesha. Mistari mitatu, ukurasa wa kumi.

Ya pili nilimlaumu mkalimani mwanzo hadi mwisho. Akanirudishia.

Ya tatu nilianza na baba yangu. Kwetu ulikuwa unatumwa mwenyewe kukata fimbo kwenye mpera. Ukileta nyembamba unarudishwa ukalete nene, na hiyo nene ndiyo inayokuchapa. Niliandika jinsi nilivyokuwa nasimama chini ya ule mpera nikipima matawi kwa macho, nisilete nyembamba mno wala nene mno, miaka minane au tisa nilikuwa nayo. Sikuwahi kumwambia mtu. Nikaandika na waya wa chaji, kwamba nilikuwa nimeukunja mara mbili mkononi kabla sijapiga, na kuukunja kunachukua muda, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kuacha. Hiyo sentensi ilinichukua wiki mbili. Sehemu kubwa ya kuchelewa kwa kesi yangu ilitoka kwangu, nilikuwa naomba kuongezewa muda wa kuandika, wakaniongezea.

Mashahidi. Sikilizeni, wapendwa, msifanye nilivyofanya. Nilimwomba mchungaji wetu aniandikie barua, akaandika nzuri kweli, mama mcha Mungu, mlezi wa wengi. Lakini sikumpa zile sababu za kufutwa azisome. Aibu. Siku ya kikao akapigiwa simu, akaulizwa: unajua alichofanya? Akajibu, "Nasikia yalikuwa mambo ya kifamilia." Nilisikia roho inashuka hadi kwenye viatu. Shahidi asiyejua kosa lako hana anachoshuhudia. Mpe karatasi zote, hata kama utainamisha macho mbele yake mwaka mzima.

Kikao kilikuwa Septemba 2022. Nilipanda treni Woodridge hadi mjini Brisbane, siku hizo nauli ilikuwa bado haijawa senti 50. Nilivaa kitenge cha ndoa ya dada yangu, nikidhani naenda mbele ya majaji wenye majoho. Ilikuwa chumba kidogo, meza, jagi la maji, boksi la tishu. Mjumbe wa baraza mmoja, mama wa makamo. Upande wa pili afisa wa ofisi ya kadi na faili lake. Hakuna watazamaji, kesi hizi zinasikilizwa faraghani. Wakili sikuwa naye, na kwa kawaida sheria yao inataka mtu ajisemee mwenyewe, ukitaka wakili akusemee unaomba ruhusa. Niliogopa hilo, lakini mjumbe alikuwa ananieleza kila hatua kabla hatujaiingia.

Na mkalimani alikuwepo mwenyewe chumbani, si simuni. Mama wa Mombasa, mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, mikono ikaacha kutetemeka. Sikumlipa hata senti. Yeye nampa nyota tano na ya sita ya kanga.

Tulipofika kwenye maelezo ya polisi, afisa akasoma: ulirudi baada ya nusu saa. Nikasema kwa Kiswahili, mimi nilisema nilimrudi mtoto. Yule mama akanyoosha mkono kidogo, akaomba ruhusa ya kueleza neno. Akamwambia mjumbe kuna kurudi kwa miguu na kuna kumrudi mtu, hili la pili ni kuadhibu, limo hata kwenye Biblia ya Kiswahili, kwenye Waebrania, Bwana humrudi ampendaye. Mjumbe akaandika. Akamwomba alirudie neno, herufi kwa herufi. Akaniuliza nusu saa ilikuwa ya nini, nikamwambia ni safari ya kutoka chekechea hadi nyumbani, basi moja na mguu. Akatazama ramani kwenye kompyuta yake palepale. Akasema anakubali, ilikuwa mara moja.

Miezi 18 nilikuwa naingoja sentensi hiyo. Nilidhani imekwisha, nimeshinda, nikainywa ile glasi ya maji yote.

Kumbe ndipo tulipoanza. Akafungua ile barua ya mshauri. "Umeandika samaki hukunjwa akiwa mbichi. Samaki ni nani?" Nikasema sikuandika mimi. Akasema ina sahihi yako. Kweli ilikuwa nayo. Nikasema, samaki ni mtoto. "Na leo bado unaamini samaki anakunjwa?" Nikajibu hapana, si kwa waya. Yule mama wa Mombasa akatafsiri yote, pamoja na "si kwa waya". Nami nilipolisikia neno langu linatoka kwa Kiingereza nikajua nimesema nini.

Swali la mwisho lilionekana dogo. Mtoto wa miaka 3 chekechea, asiye wako, anakutemea mate usoni. Unafanya nini? Nilikuwa nimechoka, nimekaa pale kwa muda wa saa tatu. Na mimi miaka minne chekechea nimetemewa mate mara ngapi, na kila mara nilipangusa nikamwongelesha mtoto. Kozi ya wazazi nilikuwa nimeimaliza wiki tatu tu nyuma, majibu yote yalikuwa kwenye daftari. Nikafungua mdomo, nikasema, "Atajua mimi ni nani."

Mkalimani alinitazama. Nusu sekunde. Kazi yake si kuniokoa, akatafsiri sawasawa.

Nilijaribu kueleza, kwamba kwetu ni maneno tu, ni kumkazia macho mtoto aache. Mjumbe akasikiliza, hakunikatiza. Lakini nilimwona afisa akipigia mstari.

Uamuzi ulikuja Novemba, umeandikwa wote, aya zimepewa namba. Ukichapishwa, jina lako halimo. Nilitegemea kusoma kwamba mimi ni mtu mbaya. Haikusema hivyo. Ilisema kumchapa kulikuwa mara moja, na tafsiri ya polisi haikuwa sahihi. Ikasema nilifanya kazi miaka minne bila lalamiko. Ikasema hadithi ya maisha ilikuwa ya kweli, na kwamba ule mstari wa kuukunja waya ulionyesha mwanzo wa kujitambua. Mwanzo, ndilo neno lililoniuma. Kisha ikaweka upande wa pili wa mizani: kozi mpya mno, shahidi asiyejua kitu, na jibu langu la mate, limenukuliwa kamili. Ikasema kadi si zawadi na kuifuta si adhabu ya pili, swali ni mtoto wa mtu mwingine ambaye hayupo chumbani kujisemea.

Niliitupa juu ya friji. Ilikaa huko hadi Krismasi. Nilipoishusha nikaisoma na binti yangu polepole, na sikupata mahali pa kusema hapa wamenionea. Nilitafuta, jamani. Ndiyo maana nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya ubinadamu tu, siwezi kumpa tano mtu aliyeniambia hapana.

Mawili ya kuongeza, maana ndiyo mnayoniuliza zaidi. Ukikataliwa, lazima ipite zaidi ya miaka 2 tangu notisi ndipo uombe iondolewe, na kwa hapo ni kuanza upya na karatasi mpya. Na lile wazo la kuhamia Melbourne ukaombe kibali cha huko, ambalo yule mshauri bado analiuza, naambiwa sasa kwa dola 1,200: Agosti 2025 wanasheria wakuu wa majimbo yote walikubaliana kwamba aliyezuiwa jimbo moja azuiwe kote. Bakia na hela yako.

Mimi nimeamua kuomba upya mwaka huohuo wa 2025. Nimefanya kozi ya pili, ile ndefu. Shahidi safari hii ni mwalimu mkuu wangu wa zamani wa chekechea, nimempa kila ukurasa ausome, pamoja na ule wa mate. Alicheka, kisha hakucheka.

Hadithi ya maisha mpya nilikuwa naitamka kwa Kiswahili na kijana wangu wa pili anaiandika kwa Kiingereza kwenye kompyuta. Ana miaka 16, ananipita urefu kwa kichwa kizima. Sikumwomba yeye, dada yake alikuwa kazini na yeye akasema lete, mama. Tulipofika kwenye waya nikasita. Akasema endelea. Nikatamka: nilimchapa mguu wa kulia, nyuma, juu ya goti.

Vidole vyake vikasimama. "Ulikuwa wa kushoto," akasema.

Nikamwambia andika wa kushoto.